Kinjeketile Aende Darasa la Sita

Mwaka 1867, mtambo wa uchapaji wa misheni ya Waingereza mjini Unguja ulitoa kitabu cha Kiswahili kilichoitwa Hadithi Ingereza. Aliyekitayarisha alikuwa kasisi Edward Steere, ambaye miaka saba baadaye alifanywa askofu. Ndani yake mlikuwa na hadithi nne zilizotokana na michezo ya William Shakespeare: ya mfanyabiashara wa Venisi, ya Mfalme Lear na binti zake watatu, ya Timoni wa Athene, na ya mwanamke mkali aliyetiishwa na mumewe. Steere hakufasiri michezo yenyewe. Alichukua masimulizi ambayo ndugu wawili wa London, Mary na Charles Lamb, walikuwa wamewaandikia watoto na kuyachapisha mwaka 1807. Waliofundishwa katika shule za misheni hiyo Unguja wakati ule walikuwa, wengi wao, watoto waliokombolewa kutoka kwenye majahazi ya watumwa.

Kwa hiyo Shakespeare aliingia katika Kiswahili kwa mlango wa watoto.

Leo, zaidi ya karne moja na nusu baadaye, mambo yamegeuka. Tamthiliya kubwa zilizoandikwa kwa Kiswahili tunazo, na tamthiliya kubwa za dunia zilizofasiriwa kwa Kiswahili tunazo pia, lakini zote tumewawekea wakubwa. Ebrahim Hussein, Penina Muhando, Emmanuel Mbogo, Edwin Semzaba: majina haya mwanafunzi wa Tanzania huyasikia akiwa sekondari, na huyasikia kama majina ya vitabu vya kujibia maswali. Kenya nako tamthiliya hufika kama kitabu teule cha sekondari. Vijana wengi waliisoma Kifo Kisimani ya Kithaka wa Mberia na Mstahiki Meya ya Timothy Arege kwa sababu mtihani uliwataka wazisome. Mtoto wa miaka kumi na mmoja, ambaye pengine ndiye mwigizaji hodari kuliko wote nyumbani kwao, hajapewa hata moja.

Naamini hapo tunapoteza jambo kubwa. Tamthiliya kongwe ni haki ya mtoto wa shule ya msingi, na inafaa imfikie akiwa bado hajajifunza kuona haya kusimama mbele za watu.

Mtu atasema watoto wetu wanaigiza tayari. Ni kweli, tena wanaigiza sana. Hakuna mahafali yasiyo na igizo. Hakuna Siku ya Mtoto wa Afrika, kila tarehe 16 Juni, inayopita bila watoto kupanda jukwaani, na mgeni rasmi akija shuleni lazima apokewe kwa ngonjera. Urithi huo una mizizi. Mathias Mnyampala, mshairi wa Dodoma, ndiye aliyezikuza ngonjera, na vitabu vyake vya Ngonjera za UKUTA, vilivyotoka mwanzoni mwa miaka ya 1970 baada ya kifo chake, viliingia shuleni kueneza mafundisho ya Ujamaa. Asiyejua anauliza, anayejua anajibu, asiyejua anakubali, na wote wanamaliza kwa sauti moja.

Igizo la shule limefuata njia hiyohiyo hadi leo. Baba mlevi anakunywa ada ya mtoto. Binti anadanganywa kwa chipsi na simu. Mwenyekiti wa mtaa anakuja, polisi anakuja, mkosaji anapiga magoti. Kisha watoto wote wanajipanga mstari mmoja, wanainama, na kiranja anasoma ujumbe: tutunze mazingira, tuepuke dawa za kulevya, tumsomeshe mtoto wa kike. Sidharau hata mmoja kati ya ujumbe huo. Yapo maisha yaliyookolewa na maigizo kama hayo. Ninachosema ni kwamba mtoto aliyecheza michezo ya namna hiyo tu tangu darasa la kwanza hajawahi kusimama ndani ya mtu ambaye hajui la kufanya. Kila alichokisema jukwaani kilikuwa kimekwisha amuliwa na wakubwa kabla hajafungua mdomo. Hapo ndipo tamthiliya kongwe zinapotofautiana na bango.

Chukua Kinjeketile. Ebrahim Hussein, mzaliwa wa pwani ya kusini, aliiandika akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu, nayo ikachapishwa mwaka 1969. Muda mfupi kabla ya hapo, Gilbert Gwassa na John Iliffe wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikuwa wametoa kumbukumbu za Vita vya Maji Maji walizozikusanya kwa wazee waliokuwa bado hai. Mtoto wa Tanzania huifahamu habari hii kutoka kwenye somo la historia: 1905 hadi 1907, Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe, maji ya dawa, risasi za Wajerumani, kushindwa. Huifahamu kama orodha ya sababu na matokeo, na huikariri hivyo hivyo.

Mchezo wenyewe hauanzi na vita. Unaanza na wanawake wawili, mke wa Kinjeketile na mke wa rafiki yake Kitunda, wakizungumza mambo ya nyumbani, na katika mazungumzo yao ndimo shida ya nchi nzima inamojitokeza. Wape wasichana wawili wa darasa la sita mazungumzo hayo. Watandikie mkeka mbele ya ubao, mmoja apewe ungo achague mchele usiokuwapo. Hutakuwa na haja ya kuwafundisha namna ya kukaa. Wamewaona mama zao wakiongea na jirani mambo mazito huku mikono ikiendelea na kazi. Wanajua sauti inashuka lini, na wanajua mtu hugeuza kichwa upande gani anapotaka kuhakikisha kwamba hakuna anayesikia. Katika dakika tano tu darasa limekwisha pata sababu ya Vita vya Maji Maji ambayo haimo kwenye orodha: kwamba watu walikuwa wamechoka majumbani mwao, siku baada ya siku, kabla mtu yeyote hajashika silaha.

Halafu kuna mto. Masimulizi ya wazee yanasema Kinjeketile alichukuliwa na pepo aitwaye Hongo, akazama majini, na kesho yake akatoka akiwa na nguo kavu. Hussein ameiweka habari hiyo katikati ya mchezo wake. Watoto wa Rufiji, Kilwa na Utete wanaujua mto wenye mamba na wanajua watu hukaaje ukingoni mtu akizama. Wape nusu ya darasa kazi ya kungoja tu. Kungoja ni uigizaji mgumu kuliko kupigana, na ni mara ya kwanza kwa wengi wao kugundua kwamba mtu anaweza kulishika darasa zima bila kusema neno.

Lakini hayo yote ni njia ya kufika penye kiini. Kinjeketile wa Hussein anarudi na neno la umoja, na watu wa makabila waliokuwa wakitazamana kwa wasiwasi wanaungana. Kisha yeye mwenyewe anaanza kuwa na shaka. Aliyesema naye kule majini ni nani hasa? Amewaambia watu jambo, jambo limewashika, na sasa hawamsubiri tena. Wanakwenda vitani, wanakufa. Mwishoni yuko kifungoni, na anatakiwa akiri kwamba maji yalikuwa uongo. Kitunda, rafiki yake, anamsihi akiri. Kinjeketile anakataa, kwa kuwa anawafikiria watakaokuja baadaye na namna watakavyoambiwa habari ya vita hivi.

Je, alidanganya? Alikosea? Alipaswa kusema nini? Ukiwauliza watoto wa darasa la sita maswali hayo, usitegemee jibu moja. Watakuwapo watakaosema kwamba aliyewaambia watu risasi zitageuka maji lazima abebe lawama ya waliokufa. Watakuwapo watakaosema kwamba bila maji yale Mmatumbi na Mngindo wasingesimama pamoja. Na atakuwapo mmoja atakayeuliza kama mtu anaweza kusema uongo akiwa anaamini ni kweli. Mwalimu asimalize ubishi huo. Asiwaambie jibu, kwa sababu Hussein mwenyewe hakulitoa.

Mwandishi huyo alieleza wazi kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe cha kisanaa, si yule wa historia. Yule wa historia alinyongwa na Wajerumani huko Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa ndiyo kwanza vinaanza. Hakuishi kuona mwisho wake. Mtoto akijua hilo, anapata somo ambalo watu wazima wengi hawalipati: kwamba tukio ni jambo moja na anayelisimulia ana sababu zake za kulisimulia anavyolisimulia.

Kuna jambo jingine linalonifanya nishikilie shule ya msingi, nalo ni lugha ya kufundishia. Katika shule ya msingi ya serikali Tanzania, mtoto anafikiri, anabishana na anahesabu kwa Kiswahili siku nzima. Akivuka kwenda kidato cha kwanza, Kiingereza kinachukua karibu masomo yote, na Kiswahili kinabaki kipindi kimoja kati ya vingi. Maana yake ni kwamba tunamwekea mtoto tamthiliya za Kiswahili mpaka siku ambayo Kiswahili chake kimeanza kusukumwa pembeni. Wakati ulimi wake ungeweza kuzibeba vizuri kuliko wakati wowote, tulikuwa tunamwambia bado mdogo.

Mwalimu Nyerere, ambaye alifundisha Pugu kabla ya kuingia katika siasa moja kwa moja, alifasiri Juliasi Kaizari, tafsiri ikatoka mara ya kwanza mwaka 1963. Akairudia na kuinyoosha, ikatoka tena 1969, mwaka uleule alipotoa Mabepari wa Venisi. Miaka hiyohiyo Samuel Mushi alitupa Makbeth na Tufani, na baada ya hapo Mfalme Edipode ya Sofokle. Taifa lilikuwa halijatimiza hata miaka kumi ya uhuru, nalo lilikuwa na Roma, Skotilandi na Ugiriki ya kale kwa Kiswahili. Kazi ile haikufanywa ili vitabu vilale kabatini.

Sasa niseme namna ya kuifanya, kwa sababu hapo ndipo walimu wengi wazuri wanaponiuliza.

Darasa lenye watoto tisini ni mateso kwa mwalimu wa hisabati, na sisemi msongamano ni jambo jema. Lakini ipo sehemu moja ya Juliasi Kaizari inayowahitaji wote tisini, nayo ni ile ya baada ya Kaizari kuuawa, Bruto na Antonio wanapohutubia umma wa Roma. Watoe nje, kwenye uwanja wa gwaride au chini ya mwembe. Kijana mmoja alale chini afunikwe kanga. Huyo ni Kaizari. Bruto apande juu ya dawati. Waliobaki ni wananchi, na kila mmoja apewe kazi yake mapema: wewe fundi viatu, wewe muuza samaki, wewe mama ntilie, wewe mpiga debe. Umma usio na kazi hupiga kelele tu. Umma wa mafundi viatu na wauza samaki husikiliza, kwa sababu kila mtu anajua ana cha kupoteza.

Kitabu kimoja kinatosha. Mwalimu anasoma sentensi, Bruto anaisema kwa sauti yake, na baada ya sentensi nne au tano anapanda Bruto mwingine. Bruto anaeleza kwa nini walimwua Kaizari, kwamba alikuwa na tamaa ya ukubwa, na umma unamshangilia. Kisha anapanda Antonio. Hasemi vibaya juu ya Bruto. Anamsifu, anamsifu tena, na kila anavyomsifu ndivyo watu wanavyozidi kumchukia Bruto. Anawaonyesha majeraha ya Kaizari. Anawasomea wosia: kila raia wa Roma ameachiwa drakma 75, na bustani zilizo kando ya mto Tiber ni zao. Sasa umma unataka kuchoma nyumba.

Mwalimu apige kofi moja. Kila mtu agande alipo. Kisha amwendee mmoja, amguse bega, amwulize: wewe muuza samaki, muda mfupi uliopita ulikuwa unamshangilia nani? Watoto watacheka, kisha kicheko kitaisha chenyewe, kwa sababu kila mmoja anajua kwamba swali lile lingeweza kumwangukia yeye. Hakuna kipindi cha Uraia kitakachomfundisha mtoto zaidi kuhusu maneno ya mkutanoni kuliko dakika hiyo.

Usiwarudishe darasani bado, kwa maana sehemu inayofuata ni fupi kuliko zote na ndiyo nzito kuliko zote. Mtu anapita njiani peke yake. Jina lake Sina, naye ni mshairi. Umma wenye hasira unamzunguka na kumhoji: jina lako nani, unakwenda wapi, unaishi wapi, umeoa au hujaoa? Anapotaja jina wanamrukia, kwa sababu miongoni mwa waliomwua Kaizari yumo mwingine mwenye jina hilohilo. Analia kwamba yeye ni Sina mshairi, si yule. Haimsaidii. Katika miji yetu mtoto wa darasa la sita anajua inavyokuwa mtu akipiga ukelele wa mwizi sokoni. Wengine wameona kwa macho yao kilichofuata, na hakuna aliyekaa nao kuzungumza juu yake.

Weka sheria moja isiyovunjwa: umma unasimama hatua mbili kutoka kwa Sina, na hakuna anayemgusa. Hatua hizo mbili zinalinda watoto, na pia zinawafanya waone wanachotaka kufanya badala ya kukifanya. Mkimaliza, wa kwanza kuzungumza awe yule aliyekuwa Sina. Aulizwe alihisi nini alipoona marafiki zake wamegeuka nyuso zile. Ndipo sasa wafungue madaftari. Mtaona wale wa madawati ya nyuma, ambao hawajawahi kunyoosha mkono, ndio wenye mengi ya kuandika.

Kwa watoto wadogo zaidi, wa darasa la tatu na la nne, ningeanza kwingine. Nguzo Mama ya Penina Muhando, iliyotoka mwaka 1982, inawafaa mno kwa sababu ni mchezo wa miili. Wanawake wa kijiji cha Patata wanajaribu kusimamisha nguzo. Wanaitwa Bi Moja, Bi Pili, Bi Tatu na kuendelea hadi Bi Nane, na yuko msimulizi anayetuongoza. Huhitaji nguzo. Waambie watoto wanane wainyanyue nguzo isiyoonekana, na uwaombe waliobaki watazame kama wote wameshika kitu kimoja chenye uzito mmoja. Mara moja ataonekana anayevuta upande wake, anayejifanya anasukuma, na anayeamrisha bila kushika. Muhando aliandika juu ya mwanamke, jamii na siasa, na mtoto wa miaka tisa hatayapata yote hayo. Hana haja ya kuyapata yote. Atapata kwamba watu wenye nia moja wanaweza wakashindwa kwa sababu ya magombano yao, na miaka kumi baadaye atakaporudi kwenye kitabu atakuta chumba ambacho alikwisha ingia.

Tufani nayo inaanza na dhoruba baharini, na dhoruba ni kitu ambacho darasa linaweza kukitengeneza kwa viganja, vidole na miguu: kwanza kusugua viganja, halafu vidole vialike, halafu kupiga mapaja, halafu miguu chini, mpaka bati la darasa linaitika. Ndani ya kelele hiyo mabaharia wanawafokea mabwana wakubwa warudi chini wasiwazuie kazi, kwa sababu mawimbi hayamjui mfalme. Mtoto wa Mafia, Kilwa au Pemba haelezwi utani huo.

Mabepari wa Venisi inataka uangalifu zaidi. Visanduku vitatu vya dhahabu, fedha na risasi, ambavyo mchumba lazima achague kimoja, vinafanana na ngano zetu, na darasa la nne litavipokea kwa furaha. Hukumu ya ratili ya nyama ya mwili wa mtu ni ya kusisimua kuliko filamu. Lakini Shailoki, mkopeshaji anayedai nyama hiyo, anatukanwa na kutemewa mate kwa sababu ya dini yake, na mwalimu akilipita hilo haraka, watoto watajifunza kumcheka Myahudi. Darasa letu lina Mwislamu na Mkristo kwenye dawati moja. Lazima waulizwe: kabla Shailoki hajataka nyama ya Antonio, mfanyabiashara wa Venisi, yeye mwenyewe alifanyiwa nini na Antonio? Mwalimu asiye tayari kuuliza swali hilo asianze na mchezo huu. Aanze na mwingine.

Pingamizi la kwanza ninalolisikia ni mtihani. Mwalimu ana mada za kumaliza, na mtihani wa taifa haumwulizi mtoto alivyokuwa muuza samaki wa Roma. Namwelewa kabisa. Lakini mtihani wa Kiswahili unamtaka mtoto asome habari aielewe, ajue nani kasema nini na kwa nini, na aandike kwa mpangilio. Mtoto aliyewahi kusema maneno ya Antonio wa Roma huku akijua kwamba Antonio anamaanisha kinyume chake amefanya zoezi la ufahamu la hali ya juu kuliko lolote lililomo kwenye kitabu cha mazoezi. Mtaala mpya nao umeipa sanaa nafasi katika elimu ya msingi. Nafasi ipo, kinachokosekana ni cha kuijaza.

Pingamizi la pili ni la wazazi, nalo nalisikia zaidi juu ya Kinjeketile: mnawafundisha watoto ushirikina. Jibu langu kwa mzazi huyo ni aje aketi nyuma ya darasa aone. Mchezo mzima unauliza mtu afanye nini na imani aliyopewa na mwingine. Mtoto asiyepata nafasi ya kuuliza swali hilo akiwa na mwalimu wake ataulizwa na matapeli huko nje, naye hatakuwa na jibu.

Pingamizi la tatu, kwamba lugha ni ngumu, huniudhi kidogo, kwa sababu huwa linasemwa na watu waliokulia kwenye ngano. Hakuna bibi aliyewahi kumfafanulia mjukuu kila neno kabla ya kuanza hadithi. Mtoto hulisikia neno asilolijua likiwa mdomoni mwa mtu mwenye hasira au hofu, na hasira ile humwambia maana. Maneno matatu yakimshinda, mwandikie ubaoni. Usimpunguzie mchezo mpaka ukabaki mifupa.

Na hapa kuna tahadhari kwa sisi tunaotaka jambo hili. Njia rahisi ni kumsimulia mtoto kisa kwa ukurasa mmoja kisha kumwuliza anajifunza nini. Ndugu Lamb walilazimika kufanya masimulizi kwa sababu waliwaandikia zaidi wasichana wa Uingereza ambao, tofauti na kaka zao, hawakuruhusiwa mapema kuvigusa vitabu vya baba. Lilikuwa daraja la kuwafikisha kwenye michezo. Waingereza wenyewe leo wanasisitiza jambo tofauti: mwaka 2008 Royal Shakespeare Company ilianzisha kampeni kwa shule yenye madai matatu, kwamba watoto waifanye michezo kwa kusimama na kutenda, waione ikichezwa mbele yao, na waanze mapema. Hayo hayana Uingereza ndani yake. Mtambaji wa hadithi wa Kimakonde au Kinyamwezi angeyasema yaleyale.

Kenya wana hazina ambayo sisi hatuna: tamasha la kitaifa la drama la shule na vyuo, lililoanza mwaka 1959, ambamo shule za msingi nazo hupanda kutoka ngazi za chini hadi taifa. Vipaji vinavyotoka humo ni vya kustaajabisha. Hata hivyo michezo inayochezwa humo ni miswada mipya inayoandikwa kwa ajili ya shindano, na mtoto anaweza kushinda kombe miaka mitatu mfululizo bila kugusa ukurasa wa tamthiliya iliyomtangulia kuzaliwa. Kuongeza humo kundi moja la tamthiliya kongwe, dakika ishirini tu, kungebadilisha mengi. Tanzania tunao uzoefu wa namna nyingine: tangu mwaka 1996 mradi wa Tuseme, ambao miongoni mwa waasisi wake ni Penina Muhando mwenyewe, anayejulikana pia kama Penina Mlama, umewafanya wasichana wa sekondari wayaseme matatizo yao kwa sanaa za maonyesho. Walimu waliopitia Tuseme wanajua namna ya kumfungua mtoto. Wapewe maandishi makubwa, tuone watakavyoyafungua.

Kikwazo cha kweli ni vitabu. Makbeth na Tufani za Mushi ni nadra kuonekana madukani, na mwalimu wa Namtumbo au Kaliua hataagiza kitabu ambacho hajawahi kukiona. Taasisi ya Elimu Tanzania inaweza kuweka onyesho moja kamili katika kitabu cha kiada cha kila darasa kuanzia la nne, maneno ya mwandishi yakiachwa yalivyo, na pembeni maelezo mafupi ya nani anasimama wapi. Wachapishaji wenye haki za kazi hizi wanaweza kutoa vijitabu vya kurasa kumi na sita, herufi kubwa, onyesho moja kila kijitabu. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanza mwaka 1991, umekwisha onyesha kwamba vitabu vizuri vya Kiswahili vinaweza kufika vijijini watu wakiamua.

Mwalimu asingoje hayo yote. Aanze na onyesho la wanawake wawili katika Kinjeketile. Linahitaji mkeka, ungo, na nakala moja ya kitabu, inayoweza kupatikana katika maktaba ya mkoa au kwa rafiki anayefundisha sekondari. Anakili mistari ya kwanza ubaoni kabla ya kengele. Jozi mbili za wasichana zisome, jozi mbili za wavulana zisome, kwa maana wavulana nao wanajua mama zao wanavyoongea. Kisha afute ubao na kuwaomba waendelee bila kusoma, kwa maneno yao, wake wale wawili waseme ambacho bado hawajakisema. Wiki inayofuata anawapa ukurasa wa pili.